Zamu 50 za mwanzo: je, tunaweza kujenga bila kiboko?

Wadau, kwanza niwaombe radhi kwa kimya changu. Wapo walioniuliza kama nimeoa, wapo walioniuliza kama nimefukuzwa kazi. Hakuna hata kimoja. Kazi za gazeti zimenibana, na ule muda kidogo unaobaki usiku nimekuwa nikitawala dunia. Msicheke. Nazungumzia mchezo wa kompyuta unaoitwa Civilization, toleo la 4, lililotoka mwaka 2005. Niliurithi kwa rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani, alipokwenda zake ughaibuni kuongeza shahada akaniachia laptopu yake. Laptopu yenyewe imezeeka, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, na umeme ukikatika betri haifiki dakika 10. Michezo mipya haiiwezi. Huu wa 2005 inauweza, basi nacheza huo huo.

Leo nilitaka kuandika kitu chepesi tu, juu ya zamu 50 za mwanzo za mchezo huu na namna ya kuzicheza. Nimeanza hivyo, lakini mtaona wenyewe mbele ya safari kwamba nimeshindwa kukaa kwenye wepesi.

Kwa wasioujua, mchezo unakwenda kwa zamu, kama bao. Unafanya yako yote, unabonyeza, kisha wapinzani wako wanafanya yao. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na kundi moja la walowezi na askari mmoja mwenye rungu. Ramani yote imefunikwa na giza. Unajenga mji wa kwanza, unavumbua kilimo, gurudumu, maandishi, unakutana na majirani, mnafanya biashara au mnapigana, mpaka unafika karne ya 21 ukiwa umeiteka dunia, au umerusha chombo kwenda kwenye nyota za mbali, au umeshindwa vibaya na kompyuta.

Kila mchezaji mzoefu atakwambia jambo moja: mchezo huu hauamuliwi na vifaru na ndege za mwisho. Unaamuliwa mwanzoni kabisa, wakati una mji mmoja na watu watatu. Hata wazee wa kijiweni kwetu hapa Mtoni, ambao hawajawahi kugusa kompyuta, wanalijua hili kwa upande wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mwanzo wake ni kunamua, pale ambapo kete zilizo mkononi zinaingia ubaoni moja moja. Anayeichezea hovyo nyumba yake wakati wa kunamua, huko mbele kwenye mtaji atabaki kuhesabu kete za mwenzake.

Sasa, mwanzoni mwa Civilization una njia kuu tatu, na kila moja ina mashabiki wake.

Ya kwanza ni njia ya sifa. Unajenga maajabu mapema: mawe ya Stonehenge, piramidi, na kadhalika. Hii ndiyo iliyonimaliza miezi ya kwanza. Nilikuwa na mji mmoja mzuri wenye piramidi, na majirani wana miji mitano kila mmoja. Tena ubaya wa maajabu ni kwamba mwingine akimaliza kabla yako, wewe unarudishiwa vijisenti tu, na zamu zako zote zimepotea. Ni kama mtu anayeanza maisha kwa kununua sofa wakati bado amepanga chumba kimoja.

Ya pili ni njia ya ubabe. Unatafuta shaba au farasi, unatengeneza jeshi haraka, unamvamia jirani kabla hajajijenga. Inafanya kazi kama jirani yuko karibu. Kama yuko mbali, jeshi linakula mshahara wako wote na utafiti unasimama.

Ya tatu ni njia ya kupanuka. Unajenga mji hapo hapo ulipoanzia, bila kuzurura, maana kila zamu ya kuzurura ni zamu ya njaa. Unatengeneza kibarua kwanza wa kulima, kisha walowezi wa mji wa pili, kisha wa tatu. Njia hii ina mitego miwili. Mtego wa kwanza, mji ukitengeneza kibarua au walowezi hauongezeki watu, kwa sababu chakula chote kinaingia huko. Mtego wa pili, kila mji mpya una gharama ya kuuendesha, na ukiwa mbali na makao makuu gharama inapanda. Ukijitanua hovyo mpaka miji minane, hazina inakauka na wenzako wanavumbua bunduki wewe ukiwa bado na mishale. Miji mitatu au minne iliyokaa pazuri inatosha kwa mwanzo.

Mpaka hapo ni ushauri wa kawaida. Lakini wataalamu wa mchezo huu wana ufunguo wa nne unaofungua hizo njia zote tatu, nao unaitwa utumwa.

Sitanii. Ukishavumbua ufuaji wa shaba nyeusi, ambao kila mtu anauvumbua mapema, mchezo unakuuliza kama unataka kubadili utaratibu wa kazi katika dola yako uwe wa utumwa. Ukikubali, katika kila mji kinatokea kitufe. Ukikibonyeza, mji unapoteza watu, na kile ulichokuwa unajenga kinakamilika zamu inayofuata. Kila mtu mmoja anahesabiwa nyundo 30 za kazi. Huwezi kumaliza zaidi ya nusu ya watu wa mji kwa mara moja. Wachezaji duniani kote wanakiita kitendo hiki kwa jina la kiboko.

Na kinalipa! Hapo ndipo penye utamu wake. Ukijenga ghala kwanza, mji unahifadhi nusu ya chakula kila unapokua, kwa hiyo watu uliowatoa wanarudi haraka. Unabonyeza, wanapungua, wanaongezeka, unabonyeza tena. Adhabu yake ni kwamba raia mmoja wa mji huo ananuna kwa zamu 10, akilalamika kwamba hawawezi kuusahau ukatili wako. Zamu 10 zikipita, amesahau. Nilipojifunza mbinu hii niliacha kushindwa. Ghala, kiboko, askari, kiboko, walowezi, kiboko. Kufikia mwaka 1000 kabla ya Kristo nilikuwa na miji mingi kuliko majirani wote. Nilijiona bingwa.

Basi usiku mmoja umeme ulirudi kama saa mbili, nikawasha laptopu nikisahau kwamba sauti iko juu. Sasa, mchezo huu ukiufungua unakukaribisha kwa wimbo, na wimbo wenyewe ni wa Kiswahili. Unaitwa Baba Yetu. Ni Sala ya Bwana, inaimbwa kwa kwaya na ngoma. Aliutunga Mmarekani, Christopher Tin, na wa kwanza kuuimba walikuwa Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Najivunia sana lugha yetu kufika huko, hilo niliseme wazi.

Bibi yangu mzaa mama ananiishia chumba cha pili. Ni mtu wa Kilwa Kivinje, kama walivyo majirani wengi wa huku kwetu Temeke walioingia mjini kwa Barabara ya Kilwa wakashuka palipowapokea. Alikuwa anasubiri sala ya Isha. Nikasikia fimbo yake inagonga sakafu, akasimama mlangoni.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita, “umebatizwa lini, na mbona hukutualika?”

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia, “Shikamoo bibi, huu ni mchezo tu.” Akakaa kitandani akataka aonyeshwe. Bibi si mtu wa kudanganywa kwamba jambo ni gumu kwake. Nikamwonyesha miji yangu, mashamba, ghala, askari. Alipenda ngamia. Akauliza, “Na wewe umewezaje kupata miji yote hiyo kuwashinda wenzio?” Nikajisahau, nikamwonyesha kitufe. Mji ulikuwa na watu sita, nikabonyeza, wakabaki wanne, ngome ikasimama.

“Wale wawili wamekwenda wapi?”

Nikamweleza. Kwamba wamefanyishwa kazi mpaka wakaisha. Kwamba wenzao watanuna zamu 10, kisha watasahau.

“Wanasahau?”

“Ndiyo bibi. Zamu 10 tu.”

Akatazama kioo kwa muda. Akasema, “Basi hao si watu.” Akainuka akaenda kusali.

Nilidhani yameisha. Kesho yake jioni, bila mimi kuuliza, akiwa anachambua mchicha, akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia katika maisha yangu yote. Kwamba bibi yake yeye, mzaa mama, hakuwa mtu wa Kivinje. Alifika pale akiwa mtoto, kwa miguu, kutoka upande wa Ziwa Nyasa, katika msafara. Kwamba mpaka anakufa alikuwa anasema halikumbuki jina aliloitwa kwao. Jina tunalolijua sisi alipewa na waliomnunua. Nikamuuliza kwa nini hatukuambiwa. Akasema, “Mngeambiwa ili iweje? Mkaolee wapi?”

Wadau, mimi nimesoma historia. Najua kwamba Kilwa Kivinje katika karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara kutoka Nyasa. Najua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash akishinikizwa na Waingereza, na kwamba hali yenyewe ya utumwa huko Zanzibar ilifutwa kisheria mwaka 1897, na hapa Tanganyika mwaka 1922. Nilijibu hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba nilikuwa najibu habari za nyumbani kwetu.

Ndipo nikaanza kuutazama upya ule mwanzo wangu wa kibingwa, na nikaona kwamba mchezo huu haukuzusha mbinu hii. Iliwahi kuchezwa kweli, na uwanja ulikuwa hapa hapa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, yaani Mauritius na Réunion za leo. Vile visiwa vilikuwa kwenye zamu zao za mwanzo. Vilitaka kusimama haraka. Mtu akatafuta kitufe, akakikuta Kilwa.

Wakaja Wajerumani, na wao wakiwa mwanzoni mwa koloni lao. Walitaka pamba haraka. Mwaka 1902 wakaanzisha mashamba ya pamba ya lazima, watu wanalimishwa chini ya viboko vya maakida, malipo kiduchu. Nyuso zilinuna. Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, bara ya Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba, na hiyo ikawa ishara ya Maji Maji. Vita vilikwenda mpaka 1907, mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikafuata. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Mchezo unasema hasira huisha baada ya zamu 10. Mtu wa Kilwa atakwambia vingine.

Sasa najua wapo watakaosema, bwana wee, mchezo ni mchezo, acha kutuletea majonzi. Wapo pia watakaosema mchezo unaeleza historia ilivyokuwa, na dola nyingi za kale zilijengwa hivyo kweli. Hoja hii ya pili naikubali. Tena nitawashangaza: sina ugomvi na watunzi kwa kukiweka kile kitufe. Matoleo yaliyofuata, la 5 la mwaka 2010 na la 6 la mwaka 2016, hayana kitufe hicho. Je, ni bora? Katika toleo la 6 Zanzibar imo, kama mji wenye dola yake, na ukifanya nayo urafiki inakupa mdalasini na karafuu. Vizuri sana. Lakini ile karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19 ilichumwa na nani? Mchezo haugusii. Unapewa viungo tu, vimeshafungwa. Mimi naona afadhali kitufe kiwepo, nikione, na uamuzi wa kukibonyeza au kutokibonyeza uwe wangu.

Ugomvi wangu ni na hesabu. Mchezo umepanga bei ya kiboko kuwa ndogo mno, halafu umeweka njia ya kutokea iliyo safi. Huko mbele sana, ukishavumbua demokrasia, unaweza kuwaachia watu huru, na raia wa nchi nyingine ambazo hazijafanya hivyo wanaanza kunung'unikia serikali zao. Kwa hiyo mchezaji hodari anatumia utumwa mpaka asiuhitaji tena, kisha anautangaza uhuru na kupigiwa makofi. Kwanza jenga, haki baadaye. Maneno haya mimi kama mwandishi nimeyasikia kwenye mikutano mingi mno, kwa lugha tamu tamu, kuwasikia wakubwa na kuwasikia matajiri.

Nikajiwekea nadhiri: nitacheza bila kiboko, nione. Nikamchukua Mansa Musa wa Mali, kwa sababu tatu. Yeye ana tabia ya fedha, kwa hiyo ardhi inayoingiza biashara inamwongezea kidogo zaidi. Ana wapiganaji wake maalumu wa kurusha mikuki, wenye nguvu kuliko wapiga mishale wa kawaida, kwa hiyo analinda miji mapema bila kutegemea shaba. Na anaanza akiwa ameshajua gurudumu na uchimbaji madini.

Mpango wenyewe ni huu, kwa atakayetaka kujaribu. Mji wa kwanza hapo hapo. Kibarua kwanza. Kilimo, kisha ufinyanzi, ili upate ruhusa ya kujenga vibanda vya watu kando ya mto. Hapa ndipo siri ilipo. Kibanda kikifanyiwa kazi zamu 10 kinakuwa kitongoji, zamu 20 nyingine kinakuwa kijiji, zamu 40 nyingine kinakuwa mji mdogo, na kila hatua kinaingiza zaidi. Lakini kinakua kama kuna mtu anayekifanyia kazi. Ukimtoa mtu kwa kiboko, kibanda kinadumaa. Yaani hizi mbinu mbili zinagombana: kiboko kinakupa ngome leo, kibanda kinakupa chuo kikuu kesho, na kwa mtu yule yule mmoja huwezi kupata vyote. Badala ya kiboko, pale ninapohitaji haraka kweli, nakata msitu mmoja, maana miti nayo inatoa nyundo. Msitu haurudi kirahisi, kwa hiyo najifikiria. Maajabu sigusi. Mji wa pili ukae kwenye njia ya jirani ili asinizunguke. Miji mitatu, baadaye minne, nasimama hapo nikingoja vibanda vikue.

Nimecheza michezo saba namna hiyo, kiwango cha Prince, ambapo kompyuta inapendelewa kidogo. Wa kwanza niliishia zamu ya 60 na kitu, mji wangu wa pili ulichomwa na wale wavamizi wa porini. (Kwa Kiswahili cha zamani tungewaita washenzi, lakini neno hilo bibi hataki kulisikia ndani ya nyumba, na sasa najua kwa nini.) Wa pili na wa tatu nilivamiwa na Montezuma nikiwa na askari wachache mno. Wa nne umeme ulikatika kabla sijahifadhi. Nilikaribia kuacha. Wa tano, wa sita na wa saba nimeshinda.

Nisiwadanganye: ni polepole. Zamu 50 za mwanzo unaonekana mjinga. Majirani wana ngome, wewe una vibanda. Kila ukifungua orodha ya madola uko chini. Ni baada ya zamu 100 hivi ndipo vibanda vinaanza kulipa, na hapo utafiti wako unawaacha wenye viboko nyuma. Mwenye kiboko hodari bado angeniwahi, hasa kwenye viwango vya juu, hilo nalikubali. Ninachosema ni kwamba ule usemi kwamba hakuna njia nyingine si kweli. Ipo. Inataka subira, na inataka ulinde vizuri watu wachache ulio nao.

Hapo ningeweza kumalizia, mngesema kijana kaandika makala safi. Lakini iko habari moja imebaki, na nisipoiandika nitakuwa nimewadanganya.

Mwaka jana nilifungua kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwa simu pale Tandika. Mshahara wa mwandishi mnaujua. Nikamleta mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kutoka Kivinje, ana miaka 19, akae dukani. Tulikubaliana shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nikamwambia, vumilia mdogo wangu, tuko mwanzo, duka halijasimama. Mwezi wa pili vile vile. Anakula kwangu, analala kwangu, nikaona si haba. Anafungua saa 12 asubuhi, anafunga saa 4 usiku. Faida ilikuwepo, kidogo lakini ilikuwepo. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya kibanda cha pili, Mbagala Rangi Tatu. Kupanuka, mnaelewa.

Mwezi wa tano ulipoisha aliniomba nauli akamwone mama yake sikukuu ya Idi. Nauli tu, hakutaja mshahara. Nami nikafungua mdomo nimwambie, “Mdogo wangu, si unajua tuko mwanzo.” Sikuimaliza sentensi. Nilimtazama, alikuwa ameinamisha uso anavuta vuta mkanda wa mkoba. Alikuwa amenuna, na mimi miezi mitano nilikuwa nahesabu kwamba atasahau.

Sitaki mtu aniambie kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Najua kwamba mdogo wangu si mtumwa na mimi si Morice. Angeweza kupanda basi akarudi kwao. Lakini angepanda kwa nauli ipi? Na wangapi humu mtaani mwetu wana dada wa kazi kutoka mkoani anayeambiwa vumilia tunaanza maisha? Wangapi wana fundi, kondakta, kibarua, anayeambiwa kazi ikichanganya tutaongea? Kila mmoja wetu yuko kwenye zamu zake za mwanzo, na kila mmoja anaona zamu zake ndizo za dharura.

Nilimlipa shilingi 600,000, kwa mafungu matatu, la kwanza kabla hajasafiri. Kibanda cha Mbagala hakipo na sijui kitakuwepo lini. Aliporudi kutoka Kivinje alileta samaki wakavu na salamu nyingi, akafungua duka kama kawaida. Hatujalizungumza tena. Sijui kama amesahau, na nadhani si haki yangu kumuuliza.

Bibi bado anakuja mlangoni nikifungua mchezo. Wimbo ameuzoea, anasema sauti zao nzuri ingawa matamshi mengine yanamchekesha. Kila akikaa anauliza swali moja kabla ya kuangalia ngamia: “Leo hujatoa mtu?”

Namwambia, “Sijatoa, bibi.”

“Haya, cheza.”

Wadau, naomba kutoa hoja. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.